Vifuatiliaji vinaifanya simu iwe nzito, nizuieje?

Mwandiga_Net: Wakuu, nipo Kigoma, simu ni Android 11, RAM GB 2, natumia Chrome. Ukurasa wa habari unafunguka nusu kisha unaganda, huku vifuatiliaji, yaani skripti (vijiprogramu ndani ya ukurasa) za matangazo na takwimu, vikila bando. Kuna njia bila kuruti simu (kufungua mamlaka yote ya mfumo wake)?

Fundi_Ujiji: Mkuu, Chrome ya Android haipokei viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari), achana nayo. Weka Firefox, gusa nukta tatu, Viendelezi, uBlock Origin, ndiyo inayozuia matangazo na vifuatiliaji. Orodha za vya kuzuia zinazokuja nayo zinatosha. Ukiwasha zote, RAM hiyo itaelemewa. Ukurasa wa malipo ukigoma, izime kwa tovuti hiyo tu, kisha pakia upya.

Binti_Gungu: Ongeza DNS ya faragha, ipo tangu Android 9. DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba za IP, yaani anwani ya seva. Mipangilio, sehemu ya mtandao, DNS ya faragha, andika dns.adguard-dns.com, ni DNS inayozuia seva za matangazo. Usianze na https:// wala usiweke namba za IP, haikubali. Faida yake inagusa hata programu nyingine. Ila DNS huona jina la seva tu, kwa hiyo matangazo ya YouTube yatabaki palepale. Na Wi-Fi ya gesti yenye ukurasa wa kuingia inaweza kukwambia hakuna intaneti: rudisha kwenye otomatiki, ingia, kisha iwashe tena.

Mwandiga_Net: Shukrani. Niweke zote mbili?

Fundi_Ujiji: Ndiyo, hazigombani. Ila mnara ukielemewa jioni, utaokoa MB tu. Kasi ya mtandao wenyewe haibadiliki.