Naombeni ushauri: binti yangu Muislamu amepata chuo cha mapadre Morogoro, na UDOM pia

Baba Turiani: Habari za humu wakuu. Binti kachaguliwa vyuo viwili, ualimu wa sanaa: Jordan (JUCo) hapa Morogoro na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi naegemea Jordan maana ni karibu, ila shemeji yangu kanitisha: eti ile ni seminari, atalazimishwa misa, na cheti hakitambuliki. Halafu "Jordan" ni wafadhili wa kule Uarabuni? Tumebakiza siku tatu kuthibitisha.

Kibatari: Uarabuni tena 😂 Mzee, Jordan ni jina la padre Mjerumani, Francis Jordan, aliyeanzisha shirika la Kikatoliki la Wasalvatoriani kule Roma mwaka 1881. Alitangazwa Mwenyeheri Mei 2021.

Mwl wa Zamu: Shikamoo mzee. Nimesoma hapo. Shemeji kachanganya zamani na sasa: kilianza kama taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani, ndiyo maana mafrateri (wanaosomea upadre) na masista bado utawaona darasani. Lakini ualimu tulisoma watu wa dini zote. Rafiki yangu wa karibu alikuwa Muislamu wa Kilosa. Cheti kisikutishe, JUCo ni chuo kishiriki cha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Utaratibu wa mavazi apige simu ofisi ya udahili mwenyewe, asisubiri kuhadithiwa.

Chenji Imebaki: Mnajadili misa, hela hamjaigusa. Mzee, ameomba mkopo?

Baba Turiani: Marahaba mwalimu. Ameomba, majina bado.

Chenji Imebaki: Basi sikiliza. Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa vyuo binafsi, ila kupangiwa mkopo si kulipiwa kila kitu. Akipewa ada nusu, nusu nyingine ni yako, na mapadre hawapati ruzuku ya serikali ya kuendesha chuo kama UDOM. Ada ndiyo inayolipa wahadhiri. Chukua karatasi mbili za ada, weka pembeni kodi ya chumba na chakula, piga hesabu ya miaka mitatu. Ya mwaka wa kwanza inadanganya.

Kibatari: Na Dodoma siku hizi si mbali, treni ya umeme ipo.

Mwl wa Zamu: Hapo kwenye hela sibishani. Ila msimamo wangu ni huu: dini isiwe sababu ya kumkatalia. Na mzee, binti mwenyewe anataka wapi? Naona humu wote tumesema isipokuwa yeye.

Baba Turiani: Mwalimu umenigusa. Nimemwita nimsomee uzi huu, kaniangalia tu. Kumbe ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo, ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ilishaingia kwenye simu yake na kathibitisha tangu jana usiku. Dodoma. Nimemuuliza kwa nini hakunishirikisha. Anasema, "Baba, Morogoro ungekuja kila Jumamosi."