Naomba ushauri: mazoezi na masomo nayapangaje na kazi ya Mwaloni?

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma, Mwanza, nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi mzigo, narudi jioni, kisha kuna kupika na madaftari ya watoto. Presha imeanza kupanda na daktari amesisitiza nitembee kwa mwendo wa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki. Wakati huohuo najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hilo siko tayari kuliacha.

Nilijaribu kukimbia usiku, ila mtaani kwetu hakuna taa na mbwa ni wengi. Kuamka saa 9 nisome nako kulinishinda, nikawa nasinzia mbele ya wateja. Sasa jioni nashuka daladala Nyakato, namalizia kwa miguu. Hiyo naipenda kwa kweli, lakini mvua ikinyesha mpango unakufa.

Tafadhali msiniambie niache biashara, ndiyo inayosomesha watoto.

Naomba kujua: dakika kumi kumi za kutembea, nikizigawa asubuhi, mchana na jioni, zinasaidia presha sawa na za mfululizo? Na mliosoma mkiwa sokoni, hasa hisabati, mlikuwa mnasoma saa ngapi?