Mtoto yuko pwani saa nne asubuhi: wageni wakaazi tuwaelezeje?

mkaazi_mashariki:
Assalaam alaykum. Natayarisha karatasi ya ukurasa mmoja kwa wageni waliokodi nyumba za mwaka mzima pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje mpaka Jambiani. Wengi huamua haraka sana mambo mawili. Wakimuona mtoto asubuhi hana sare, basi hasomi. Wakimuona ameshika kamba ya mwani (mmea wa baharini unaolimwa kwa kufungwa kwenye kamba), basi anatumikishwa. Wapo walioanza kugawa pesa pwani ili watoto "warudi skuli".

Sitaki karatasi iseme kila kitu ni mila zetu, kwa sababu ajira ya watoto ipo na inaumiza. Nataka vipimo. Mgeni aangalie nini, aulize nini, na akiingiwa na wasiwasi abishe hodi kwa nani kwanza?

maalim_wa_mkondo_wa_pili:
Waalaykum salaam. Anza na saa, maana nusu ya makosa yao yanatoka hapo.

Skuli zenye upungufu wa madarasa huingia mikondo miwili. Wa asubuhi unaanza kwenye saa moja na nusu mpaka karibu na saa sita na nusu, halafu wa pili unaingia mpaka jioni. Serikali imejenga skuli nyingi za ghorofa ili kuondoa mkondo wa pili, lakini usiandike kwamba umekwisha kila mahali. Waulize walimu wa shehia yenu (eneo dogo la utawala la mtaa au kijiji) darasa gani linaingia saa ngapi na uweke saa hizo kwenye karatasi. Ukiandika kwa jumla tu, mgeni hatapata cha kulinganisha na anachokiona.

Juu ya hapo kuna chuo, yaani madrasa ya Kurani. Mtoto wa mkondo wa mchana huenda chuoni asubuhi, wa asubuhi huenda jioni, na sehemu nyingi chuo hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Ndiyo maana asubuhi za siku hizo pwani huonekana imejaa watoto.

Sasa bahari. Bamvua, yaani siku ambazo maji hutoka na kujaa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo kwetu maji hutoka sana asubuhi, na chini kabisa huwa kwenye saa nne au saa tano. Huo ndio wakati wa kina mama kwenda kwenye mwani na kuchokoa pweza. Mtoto wa mkondo wa mchana ana nafasi ya kumfuata mama yake na akawahi kurudi, akaoga, akala, akaingia darasani. Hilo peke yake si utoro.

Mambo huharibika pale maji yanaposogea. Kila siku hukawia kwa karibu dakika 50, kwa hiyo siku ya nne ya bamvua kazi inasukumwa mpaka mchana na inakula saa ya skuli. Mama anataka amalize kamba zake kabla maji hayajajaa, mtoto anabaki, na darasani kiti ni kitupu. Mwalimu anayetaka kujua ukweli achukue rejesta aiweke pembeni ya kalenda ya mwezi. Mtoto anayekosa siku mbili tatu kila bamvua, halafu maji mafu (siku ambazo maji hayatoki sana) yakifika anahudhuria vizuri, haumwi. Anafanya kazi. Huyo ndiye wa kuzungumza na wazazi wake, tena mapema, kabla siku tatu hazijawa wiki.

ustawi_bara:
Maalim ameeleza saa. Mimi naongeza kazi yenyewe, kwa sababu hata mtoto anayehudhuria kila siku anaweza kuwa anatumikishwa.

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Maana yake ni kazi isiyodhuru afya na ukuaji wake na isiyomzuia kwenda shule. Kazi ya hatari hairuhusiwi mpaka atimize miaka 18: baharini kwenye vyombo, migodini na machimboni, kubeba mizigo mizito, kwenye kemikali na mashine, na kwenye baa. Kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, Namba 6 ya 2011, kwa hiyo usinakili umri wa Bara kwenye karatasi yako. Muulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya akupe maneno ya huko.

Kwenye mwani tenganisha hatua. Kufunga mbegu kwenye kamba kivulini, saa moja baada ya skuli, ukizungumza na bibi yako, ni kazi nyepesi. Kuvuta gunia la mwani mbichi kutoka majini ni mzigo mzito, na hata mtu mzima mgongo unamuuma. Uliza maswali matatu: anabeba nini, anaanza na kumaliza saa ngapi, na pesa inamfikia nani. Anayefanya na mama yake kwenye kamba za mama yake si sawa na aliyeletwa kutoka mbali kwa mtu asiye ndugu yake, analipwa kwa gunia.

Na tafadhali weka kwa herufi kubwa jambo ambalo wageni hawaliangalii: binti aliye jikoni kwao. Mtu analalamikia watoto wa pwani, na nyumbani kwake anayefua na kulala chumba cha uani ana miaka 15, kaletwa na dalali aliyesema ana 18. Kabla ya kuajiri, mgeni amwombe binti kitambulisho cha NIDA (cha taifa) au cha Mzanzibari Mkaazi, maana hutolewa kwa waliotimiza miaka 18. Hana? Aombe cheti cha kuzaliwa na azungumze kwa simu na mzazi mwenyewe. Dalali peke yake hatoshi.

Akigundua ni mtoto, asimfukuze jioni hiyohiyo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Binti anashushwa stendi hana nauli, na dalali yuleyule anampeleka nyumba nyingine, pengine mbaya zaidi. Alipe mshahara wote wa siku alizofanya, amwite afisa ustawi, na safari ya kurudi kwao ipangwe na mtu anayemjua mzazi.

mkaazi_mashariki:
Ahsanteni sana, hili la jikoni linaingia juu kabisa. Mawili yamebaki. Wanaona watoto Jumatatu wamebeba fagio na vidumu vya maji kwenda skuli, wanapiga picha. Na zile pesa za pwani, niwaambieje?

maalim_wa_mkondo_wa_pili:
Fagio la chelewa na kidumu ni usafi wa skuli. Watoto hufagia uwanja na kumwagilia miti kabla ya kengele. Waambie hivyo kwa sentensi moja. Ila mtoto akitolewa darasani wakati wa kipindi kwenda kulima shamba la mwalimu, hiyo si usafi tena, na mzazi ana haki ya kuipeleka kwenye kamati ya skuli.

Pesa: mtoto akipata noti pwani asubuhi moja, kesho atarudi saa ileile, hata kama ni saa ya darasa, na atakuja na mdogo wake. Aliyetoa amemlipa kukosa skuli bila kujua. Elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo Septemba 23, 1964, kwa hiyo kinachokwamisha familia mara nyingi ni sare, viatu, madaftari na chakula. Anayetaka kusaidia amwone mwalimu mkuu, aulize nini kimepungua, anunue kitu chenyewe na kikabidhiwe mzazi mbele ya mwalimu. Asimkabidhi mtoto.

pwani_kaskazini_KE:
Wakija wageni waliokaa Malindi au Watamu kabla, watakuja na sheria ya Kenya kichwani. Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inazungumzia kazi nyepesi kati ya miaka 13 na 16. Andikeni wazi kwamba Kenya ni nchi nyingine.

mkaazi_mashariki:
Nimeongeza. Na pa kwenda?

ustawi_bara:
Kama mtoto hayuko hatarini sasa hivi: mwalimu mkuu kwanza, kwa sababu ana rejesta, kisha Sheha, kiongozi wa shehia. Kama kuna kipigo, udhalilishaji au mtoto amefungiwa: asiende kwa mwajiri kuuliza, kwani mtoto atahamishwa usiku. Apige 116, Simu ya Mtoto, ni bure na inafanya kazi Bara na Visiwani, au aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Aseme mahali, saa, umri anaokadiria na alichokiona kwa macho. Picha ampe afisa tu, asiitume kwenye kundi la majirani.