Kukwama kwa mchakato wa WS-BPEL: je, kunaweza kuzuiwa kwa uthibitisho?

Swali: Wanajukwaa, mchakato wetu wa oda, ulioandikwa kwa WS-BPEL (lugha ya kuunganisha huduma za wavuti ziwe mchakato mmoja), hufaulu majaribio yote, lakini mara mojamoja hukwama: huduma ya malipo husubiri jibu la ghala, nayo ghala husubiri malipo. Nitathibitishaje kwamba hali hiyo haitatokea kamwe?

Jibu: Majaribio hupitia njia chache tu. Ugeuze mchakato uwe mtandao wa Petri (modeli ya kihisabati ya hali na matukio), kisha ukague kila hali inayofikika. Ukikuta hali isiyo ya mwisho ambayo ndani yake hakuna tukio linaloweza kuendelea, huo ndio mkwamo wenyewe.

Jibu: Naafiki, ila foleni za ujumbe zisizo na kikomo huweza kuzalisha idadi isiyo na kikomo ya hali. Mimi huandika modeli kwa Promela (lugha ya kuelezea mifumo), kila foleni ikibeba ujumbe 2, kisha SPIN, programu inayokagua modeli hizo, hunionyesha hatua kwa hatua ulipoanzia mkwamo. Uthibitisho huo, hata hivyo, unahusu kikomo hicho pekee.

Muulizaji: Nashukuruni sana. Nitaanza na foleni ya ghala.