Hivi jina la mchezo wa Jenga ni Kiswahili kweli?

mama_wawili: Wakuu habari za leo, juzi nilikuwa kwa dada nikakuta watoto wanacheza ule mchezo wa vipande vya mbao, unachomoa kimoja chini unakiweka juu taratibu huku umebana pumzi mpaka mnara wote unaporomoka, boksi limeandikwa Jenga. Nikasema hii si kujenga yetu kabisa? Shemeji akabisha eti majina yamefanana tu. Nani ana uhakika?

Kipanga: Shemeji kakosea dada. Aliyeubuni ni Leslie Scott, Muingereza aliyezaliwa Tanganyika, Kiswahili kakikuta utotoni. Familia yake walihamia Ghana wakawa wanacheza na vipande vya mbao vya kiwanda cha kupasulia mbao kule Takoradi, baadae akaingiza mchezo sokoni London mwaka 1983 na jina akaliacha hivohivo, Jenga.

fundi_baraka: Na vile vipande viko 54, ngazi 18 za vitatu vitatu. Vikague vizuri utaona havilingani sawasawa, vimepishana kiduchu makusudi, ndo maana kimoja kinateleza chenyewe kingine kimekaza kama msumari.

Kipanga: Hiyo ndo raha yake!

binti_pwani: Ongeza na Uhura wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya 1966, dada mweusi wa mawasiliano kwenye chombo cha anga. Jina limetoka kwenye uhuru. Mi nilivyojua nilisisimka mwili mzima jamani.

mama_wawili: Asanteni sana, namtumia shemeji sasa hivi.