Kikundi cha Familia: Idrisa amepata kazi

Idrisa: Shikamooni wazee wangu. Chuo kimenipa nafasi ya mhadhiri msaidizi, uhandisi wa ndege. Nimekubali.

Mjomba Hamisi: Marahaba, hongera mpwa wangu. Ila nilijua utatengeneza ndege. Miaka yote hiyo uishie kwenye chaki?

Shangazi Rukia: Hamisi, chaki hiyo mimi nimeishika miaka 31. Mwache mtoto aseme.

Idrisa: Mjomba, kuna Mhindi mmoja, Satish Dhawan, mzaliwa wa Srinagar, 1920. Alisoma hisabati na fizikia, akasoma fasihi ya Kiingereza mpaka uzamili, ndipo akaingia uhandisi.

Zainabu: Fasihi?? Kaka, kweli?

Idrisa: Kweli kabisa. Udaktari akaupata Caltech, Marekani, 1951. Mwaka huohuo akarudi kwao kufundisha Bangalore, Taasisi ya Sayansi ya India. Pale akajenga handaki la upepo unaokwenda kasi kuliko sauti, la kwanza India. Unaweka bawa dogo la mfano ndani, unalipulizia upepo, unapima linavyohimili. Bila hicho chombo, ndege unaibuni kwa kubahatisha.

Mjomba Hamisi: Alirusha nini sasa?

Idrisa: Roketi! 1972 alikabidhiwa ISRO, shirika lao la anga. Alipoombwa alitoa masharti: makao makuu yawe Bangalore, na asiachishwe kuiongoza taasisi yake. Wakamkubalia. Chuo hakukiacha.

Idrisa: Tarehe 10 Agosti 1979 wakarusha roketi ya SLV-3 yenye setilaiti, ikaanguka Ghuba ya Bengal. Kiongozi wa mradi alikuwa Abdul Kalam, huyu aliyekuja kuwa Rais wa India. Dhawan hakumtanguliza mbele ya waandishi wa habari. Alikwenda yeye, akalibeba kosa. Julai 1980 wakarusha tena, setilaiti ikafika angani. Siku hiyo akamwambia Kalam: nenda wewe ukaongee nao.

Shangazi Rukia: Subhanallah. Aibu akaichukua yeye, sifa akampa kijana.

Shangazi Rukia: Nimesoma mara mbili. Huyo ni mwalimu.

Idrisa: Mimi nilipokwama kwenye mradi wangu wa mwisho, msimamizi wangu alinikingia kifua hivyohivyo mbele ya jopo. Nami nataka kuwakingia wengine.

Mjomba Hamisi: Nimekuelewa, mpwa wangu. Unaanza lini?

Idrisa: Tarehe mosi mwezi ujao, inshallah.

Mjomba Hamisi: Nitumie vipimo leo. Suti ya kuingilia darasani naishona mimi.