Familia ya Shela, Malindi

Mwanaisha: Asalaam alaykum. Bima ya Vitz yangu yaisha Jumamosi. Wakala kanipa bei tatu: thadi pati 7,500, thadi pati yenye moto na wizi 15,000, komprehensivu, ile yalipa na gari langu mwenyewe, 28,000. Nichukue ipi jamani?

Athumani: Waalaykum salaam. Dada, thadi pati yatosha. Polisi ataka kuona una bima tu, hakuulizi ya bei gani

Ami Bakari: We Athumani, bima si ya polisi. Thadi pati yamlipa uliyemgonga. Gari lako mwenyewe hupati hata sumni.

Bi Zuhura: Mwambie ya nazi

Ami Bakari: Mwaka juzi niliegesha pikapu kwa shemegi, Mambrui, chini ya mnazi. Nazi kavu ikashuka, kioo cha mbele chote chini, boneti imebonyea kama sufuria ya harusi. Na mimi nina thadi pati. Nikamdai nani, mnazi?

Athumani: 😂😂 ungemdai mkwezi

Mwanaisha: Pole Ami 😂 Lakini 28,000 nyingi!

Athumani: Andika gari ni la 500,000, si 700,000. Bei itashuka

Khalu Fadhili: Thubutu! Ukigongwa, fundi aseme 140,000, watakwambia gari la sehemu saba umelikatia bima sehemu tano. Wakupigie 100,000, na hapo bado hawajatoa ekses.

Bi Zuhura: Ekses ndiyo nini tena

Khalu Fadhili: Ile unayobeba mwenyewe kabla wao hawajatoa kitu. Mwanaisha, yako imeandikwaje?

Mwanaisha: Ngoja nisome. Ajali, asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Wizi, asilimia 10 kama halina kifaa cha kulifuatilia

Khalu Fadhili: Basi ajali 17,500, wizi 70,000. Ndiyo maana nasema watu husoma bei, hawasomi karatasi ya nyuma.

Bi Zuhura: Wali tayari, na mchuzi wa papa. Nani aja?

Ami Bakari: Nakuja. Mwanangu, nikuulize moja. Gari hili likiteketea leo, waweza kununua jingine?

Mwanaisha: Ami, hata tairi ya akiba sijanunua

Ami Bakari: Basi toa hizo 28,000. Muombe wakala ulipe kwa awamu.

Khalu Fadhili: Na umwambie kweli gari lafanya kazi gani. Bima ya gari la nyumbani, ukibeba abiria wa kulipa ukapata ajali, wana haki ya kukataa. Hata iwe komprehensivu.

Mwanaisha: Khalu, mimi naendea kazini na sokoni tu

Ami Bakari: Na wale wageni wa Watamu wa kila Jumapili?

Mwanaisha: Wageni gani?

Mwanaisha: Athumani??

Mwanaisha: Naona umesoma Athumani, nijibu

Bi Zuhura: Wali wapoa